Chujio la Chini

Kwa mara ya tatu mchana ule, Ylva alifungua mlango wa mashine ya kukaushia nguo, akaingiza mkono, na kwa mara ya tatu akakuta nguo za moto lakini mbichi. Suruali za mtoto zilikuwa na joto la uji, ila ukizikamua zilikuacha na kiganja chepechepe.

"Jamani wewe!" aliiambia mashine. "Saa mbili na nusu unazunguka tu. Humo ndani unafanya nini?"

Majken, mwanawe wa miezi kumi na minne, alikuwa ameketi ndani ya kapu la nguo anatafuna kibanio. Alicheka, maana alidhani anaongeleshwa yeye.

Zamu yao ilikuwa inakwisha saa kumi na moja, na katika jengo lile zamu ya kufulia haina mchezo. Nyumba nane zinatumia chumba kimoja kilichoko chini ya jengo. Ukutani pana ubao, na kila nyumba ina kufuli yake ndogo yenye namba. Ukitaka saa fulani, unaitundika kufuli yako kwenye saa hiyo, basi, hapo ni pako. Pale Sundsvall, mji wa Uswidi, mtu anaweza kukusamehe ukimkwaruzia gari. Ukimwingilia zamu yake ya kufua, hata salamu hupati tena.

Ylva alichomoa chujio la mlangoni. Lilikuwa limejaa. Manyoya ya nguo yalikuwa yameshikana juu ya wavu, mazito, ya buluubuluu, unaweza kuyabandua mazima mazima kama ngozi ya maziwa.

"Ahaa," alisema.

Kila mtu alijua sheria: ukimaliza kukausha, unatoa manyoya yako. Ylva aligeuka akautazama ubao. Jumanne, saa tatu mpaka saa saba, kabla yake yeye, ilikuwa imening'inia kufuli namba nne. Namba nne ni Gunvor Åhlin wa ghorofa ya kwanza, mjane, mwaka wa themanini na mmoja huo, anayetembea huku ameshika ukuta.

Sasa, mtu wa mahali pengine angepanda ngazi akabisha hodi. Pale hapana. Pale ukiwa na neno na jirani yako unaandika karatasi, huweki jina, unaibandika juu ya mashine, halafu mkikutana kwenye ngazi mnaongelea hali ya hewa. Ylva alipapasa kwenye mkoba wa mtoto, akapata karatasi na kalamu, akaandika akiwa bado na hasira:

*Wewe unayetumia chumba hiki Jumanne kabla ya saa saba: chujio halijisafishi lenyewe. Wengine tuna watoto na kazi, hatuna muda wa kutoa uchafu wa watu wazima. Kama kazi ndogo hivi imekushinda, pengine umefika wakati wa kuwaachia wenye nguvu. Jirani.*

Aliisoma mara mbili. Ile sentensi ya mwisho ilimpendeza hasa. Majira ya kuchipua alikuwa amemaliza masomo ya jioni, yale ya watu wazima walioachia shule njiani, na mwalimu wa uandishi alimwambia ana kipaji cha kusema mengi kwa maneno machache. Akaibandika kwa utepe pembe zote nne, akabeba mtoto na kapu la nguo mbichi, akapanda juu.

Jumanne iliyofuata karatasi ilikuwa imepata wenzake. Mtu alikuwa ameipigia mstari mwekundu chini ya "watu wazima". Mwingine ameandika KWELI KABISA! Mwingine tena: *Na sabuni ya unga imwagike ndani ya mashine, si sakafuni.* Ylva aliipiga picha, akamwonyesha mumewe Joar aliporudi kutoka kiwanda cha karatasi.

Joar alisoma, akajikuna shingo. "Huyu si bibi Gunvor?"

"Sijamtaja mtu mimi."

"Umetaja siku na saa, mke wangu. Umebakiza namba ya viatu tu." Akamrudishia simu. "Si ungemgongea tu ukamwambia?"

"Nani anagonga mlango hapa? Wewe umewahi kugonga mlango wa nani?"

Joar alifikiri. "Kweli," alisema, na wote wawili wakacheka. Ylva alikuja kukikumbuka sana kile kicheko.

Wiki ile ile kufuli namba nne iliondoka ubaoni. Haikuhamia siku nyingine. Haikuwepo.

Ylva alijiambia kuwa kibibi kimepata mtu wa kukifulia. Lakini asubuhi moja ya Oktoba, nyasi zimeganda nyeupe, alisimama dirishani na Majken mkononi akamwona Gunvor kwenye roshani yake ya chini, amevaa koti na kofia ya sufu, anatundika shuka. Anatundika kwa mkono mmoja. Wa pili alikuwa ameukunja kifuani kama unauma. Shuka ilikuwa imeshakakamaa kwa baridi, haikunjiki, na yule mzee alikuwa anahangaika nayo kama mtu anayejaribu kuuvisha mlango nguo.

"Bibi," alisema Majken, akigonga kioo kwa kidole.

"Ndiyo, bibi," alisema Ylva, akaondoka dirishani.

Na mashine, badala ya kupona sasa kwa kuwa aliyelaumiwa ameondoka, ilizidi kuugua. Ilianza kuchukua saa tatu. Ylva alitoa manyoya kwenye chujio la mlangoni kila alipotumia, akalipuliza, akalifuta kwa kitambaa, wapi. Kisha Jumanne moja ilizunguka dakika ishirini, ikatoa harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati, ikazimika. Taa nyekundu ikawaka.

Birger Nyhlén, mwenyekiti wa kamati ya jengo, alishuka kuitazama huku amejishika kiuno. Birger alikuwa mstaafu mwenye sauti ya kutangazia mpira.

"Bibi Gunvor ameitafuna hii," alisema. "Miaka yote hiyo hasafishi. Ile karatasi ilisema kweli, sijui nani kaiandika lakini nampa mkono. Fundi anakuja Alhamisi. Na Jumamosi kwenye usafi wa uani nitalisema mbele ya wote. Mtu akishazeeka kiasi kile, kufuli yake ikae kwetu kamati. Nguo zake zichukuliwe na watu wa huduma ya wazee. Si kumwonea, ni usalama."

"Ndiyo," alisema Ylva, maana alikuwa ametazamwa.

Alhamisi ni yeye aliyekuwa nyumbani, kwa hiyo ni yeye aliyemfungulia fundi. Aliitwa Torkel, mtu mrefu mwenye magoti yanayolia. Hakuhangaika hata kidogo na chujio la mlangoni. Alipiga magoti, akachomoa bisibisi, akalegeza kibati kilichokuwa chini kabisa ya mashine, karibu na sakafu. Ylva alikuwa amekiona kibati kile mwaka mzima akadhani ni pambo.

Kilipotoka, Torkel alipiga mluzi.

"Njoo uone, mama. Hapa kuku angeweza kutaga mayai."

Nyuma ya kibati palikuwa na chujio la pili, kubwa kuliko la juu, nalo halikuonekana. Lilikuwa limefunikwa na blanketi zima la manyoya, nene kama kidole gumba, limebanduka kidogo pembeni na kuwa jeusi kwa kuungua.

"Hewa ya moto inaingia, haina pa kutokea," Torkel alisema. "Nguo zinatokota tu kwenye mvuke wao. Mwishowe swichi ya joto inasema basi, inakata umeme. Ishukuruni swichi. Isingekuwa hiyo mngekimbia moto na nguo za kulalia. Nani anasafisha hapa chini?"

"Hapo? Mimi... hata sikujua kama pana hapo."

"Yupo anayejua. Manyoya haya ni ya wiki nne, tano. Yangekuwa ya miaka mashine ingekufa zamani." Alikigeuza kibati, akakisogeza kwenye taa. "Huyu hapa."

Upande wa ndani palikuwa pamebandikwa kadi ya manjano, ndani ya mfuko wa plastiki. Tarehe, mstari kwa mstari, kwa kalamu ya risasi. Za juu kabisa zilikuwa za miaka mingi nyuma, kwa mwandiko mnene, na kila mstari umetiwa K.Å. Kisha mwandiko ukabadilika ukawa mwembamba, nazo herufi zikawa G.Å. Kila Jumanne. Hakuna Jumanne iliyorukwa, hata ya wiki ya Krismasi. Mstari wa mwisho ulikuwa umeyumba kama umeandikwa na mkono usiozoea kalamu: *Septemba 17. Sikuweza leo. Mkono.*

Chini yake, kadi ilikuwa tupu.

Ylva alisoma ile tarehe. Alijua ni tarehe gani. Ndiyo siku aliyobandika karatasi.

"K.Å. huyo namkumbuka," Torkel alikuwa anasema. "Knut. Alikuwa mlinzi na mtunza jengo hili zamani. Sasa G ni nani, mwanawe?"

"Mke wake."

"Basi mkewe ndiye anayewakaushia nguo zenu nyote, na mashine wala haitumii."

"Haitumii?"

"Wazee wa namna hiyo? Hawagusi. Si ona." Akaonyesha kwa bisibisi chumba cha pembeni chenye kamba za kuanikia, ambako kwenye kamba ya mwisho bado palikuwa na vibanio vya mbao vilivyopangwa mstari mmoja, safi, bila nguo. Ylva alikuwa amevipita mwaka mzima. Torkel akabandua lile blanketi la manyoya, akaligeuzageuza kwenye mwanga. "Karibu lote buluu. Mna mtu mwenye blanketi la buluu linalochuja?"

Masikio ya Ylva yaliwaka moto. Alikuwa anaiona Jumatatu ile ya Septemba, siku moja kabla ya karatasi: Majken ametapika kitandani, saa za jioni, ubao hauna mtu, yeye ameshuka mbio na lile blanketi la buluu, amelifua, amelikausha, mtoto analia mabegani mwake, amelitoa na kukimbia nalo juu. Chujio hakuligusa. Hakulikumbuka hata. Manyoya aliyoyakuta kesho yake mchana yalikuwa yake mwenyewe, na kwa manyoya yake mwenyewe alimwambia mzee mwenye mkono mbovu awaachie wenye nguvu.

"Nifundishe," alimwambia Torkel. Sauti ilitoka ndogo.

Torkel alimtazama, akasogea ampishe. Alimwonyesha namna ya kufyonza vumbi kwenye tundu la nyuma ya chujio kwa mdomo mwembamba wa mashine ya kufyonzea. Alimwonyesha kulikinga chujio chini ya bomba: maji yalisimama juu ya wavu badala ya kupita. "Dawa yenu ya kulainisha nguo hiyo. Inaziba matundu, jicho halioni." Ylva akalisugua kwa sabuni na mswaki mpaka maji yakapita. Alifuta kwa siki vile vipande viwili vya chuma ndani ya pipa la mashine vinavyopima unyevu. Alitoka nje akakinga kiganja mbele ya tundu la ukutani, mashine ikawashwa, na hewa ikamjia usoni ya moto, nyingi, inanukia nguo safi.

Nguo zilikauka kwa dakika hamsini. Hakuwahi kuona furaha inayouma namna ile.

Fundi alipoondoka, Ylva aliinyofoa karatasi yake, akaifinyangafinyanga bila kuitazama, akaitupa kwenye pipa la takataka. Akasimama. Alikuwa amefanya jambo fulani, lakini hakujihisi amefanya lolote. Alipanda mpaka ghorofa ya kwanza akasimama mbele ya mlango namba nne. Ndani redio ilikuwa inasoma habari za hali ya bahari. Aliinua mkono. Kisha akasikia hatua zikisogea, na miguu yake, bila kumuuliza, ikampandisha mpaka kwake.

Usiku alimweleza Joar yote. Joar hakucheka. "Na Jumamosi Birger anataka kumnyang'anya kufuli," alisema.

"Najua."

"Utafanyaje?"

"Labda Birger atasahau."

"Birger?" alisema Joar.

Jumamosi walitoka wote uani na reki, kama kila vuli. Majani ya miti yalirundikwa, vyombo vya bustani vikaingizwa stoo, na saa sita soseji zikawekwa juu ya moto. Wanawake walitoa maandazi ya iliki na chupa za kahawa. Gunvor naye alikuja. Alisimama mbali, karibu na ua wa michongoma, anakokota reki ndogo kwa mkono mmoja, na hakuna aliyekwenda kumpokea. Watu walimpungia tu kutoka walipo.

Birger aligonga kikombe kwa kijiko.

"Majirani! Mashine imepona. Sasa tuhakikishe haiugui tena. Sitaki kumtaja mtu." Akatazama kwenye ua wa michongoma, na wote wakatazama. "Ila kuna umri ambapo mtu anapaswa kufuliwa, si kufua!"

Kukawa na vicheko vya hapa na pale. Gunvor aliendelea na reki, ila sasa ilikuwa inakwaruza mahali pale pale ambapo hapakuwa na jani.

"Napendekeza kufuli namba nne ibaki kwa kamati. Kuna mwenye neno?"

Ylva alikuwa na soseji mkononi. Majken alikuwa kwenye kigari, amelala. Aliona jinsi jambo lile lingekwisha kwa urahisi: angetafuna, angemeza, watu wangesema hakuna, na kuanzia hapo angemwona yule mzee roshanini na shuka yake kila msimu wa baridi mpaka mmoja wao ahame. Alijikaza kisabuni.

"Mimi nina neno."

"Sema, Ylva."

"Ile karatasi niliandika mimi."

"Na iliandikwa vizuri!" Birger alisema.

"Haikuandikwa vizuri. Ilikuwa uongo." Akaiweka soseji mezani juu ya kitambaa cha mtu. "Manyoya yalikuwa yangu. Nilikausha blanketi la mtoto Jumatatu nikasahau. Bi Gunvor hata haitumii ile mashine. Yeye anaisafisha. Kuna chujio lingine chini, hakuna kati yetu aliyelijua, yeye ndiye alikuwa analitoa kila Jumanne. Kadi ipo, kashukeni muisome. Alipoacha kuja kwa sababu yangu, ndipo ikaharibika."

Mafuta ya soseji yalikuwa yanalia kwenye moto. Ylva alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na kigari. Joar alisogea akasimama nyuma yake, hakumgusa.

"Ule mstari mwekundu niliupiga mimi," alisema Disa wa ghorofa ya pili kwa sauti ya chini, akiangalia kikombe chake.

Birger akaanza kugeuza soseji ambazo tayari alikuwa amezigeuza.

Ylva alivuka nyasi. Ilikuwa hatua thelathini hivi, na kila mmoja alikuwa anazitazama. Karibu na michongoma Gunvor aliacha kukwaruza. Kwa karibu alikuwa mdogo kuliko Ylva alivyodhani, na macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Nisamehe, Bi Gunvor."

"Nilijua ni wewe."

"Ulijuaje?"

"Jioni ya siku ile nilishuka tena, bila miwani. Nikaibandua niisogeze kwenye taa, nikaanza kusoma upande usio wenyewe." Alipumua. "Kliniki ya watoto. Majken, kilo tisa na gramu mia nne. Nikasema, loo, kameongezeka, maana majira ya joto kalikuwa kembamba. Nikafurahi. Halafu nikageuza. Nikasoma, nikairudisha pale pale."

Ylva alijifunika uso kwa mikono miwili. Angekuwa ametukanwa ingekuwa nafuu.

"Acha kulia, watu wanatazama," alisema Gunvor.

"Kwa nini hukuniambia? Hukumwambia mtu?"

"Niseme nini? Kwamba nina miaka themanini na moja na bado nina nguvu?" Aliutazama mkono wake uliokunjwa. "Siku hiyo hata mimi sikuwa na hakika."

"Nitasafisha mimi. Chujio la chini, nimeshafundishwa. Nitaosha na shuka zako, nitakubebea—"

"Shuka zangu utaziacha." Ilitoka kali, hadi Ylva akarudi hatua. "Nimekasirika, unasikia? Mwezi mzima nimekasirika. Itaisha, mimi najijua, lakini haitaisha leo kwa sababu wewe umelia."

"Ndiyo."

"Jumanne nitashuka. Saa tatu, kama siku zote. Birger na aje anizuie." Alimtazama toka juu mpaka chini, akaona pua iliyovimba, koti lililofungwa vifungo vibaya. "Wewe njoo na huyo mtoto. Ulisafisha mpaka kwenye bomba la nyuma, au ulisafisha unapopaona tu?"

"Bomba... fundi hakunionyesha ndani ya bomba."

"Nilijua. Mafundi wa siku hizi." Gunvor akamwekea reki mkononi, ile ndogo, na mpini wake ulikuwa bado na joto. "Maliza huku. Mimi nakwenda kunywa kahawa kabla hawajaimaliza."

Akaondoka taratibu kuelekea mezani, ambako Disa alikuwa tayari amesimama ampishe kiti. Ylva aliinama akaanza kuyavuta majani kutoka chini ya michongoma, yale yaliyolowa yakaganda ambayo reki haiyapati vizuri. Uso bado ulikuwa unamwaka. Aliyatoa moja moja kwa mkono.